Pikapu Imeongezwa Springi, Breki Ni Zilezile

Leo tuzungumze breki za pikapu, na hasa namna ya kuziimarisha. Nazungumza na wenye magari, na madereva, na mafundi, na pia na yule anayekaa nyuma juu ya magunia, kwa sababu likitokea la kutokea yeye ndiye wa kwanza kurushwa.

Liko tukio ambalo gereji za barabara za milimani zinalifahamu vizuri. Pikapu inashuka na mzigo. Katikati ya mteremko dereva anakanyaga breki, pedeli inazama mpaka chini. Anapampu, hakuna kitu. Anaingiza gia ndogo, anaibana gari kwenye ukuta wa udongo upande wa mlima, inakwaruza, inasimama. Tajiri anapigiwa simu, fundi anatumwa. Mpaka fundi afike, saa kadhaa zimepita. Anakanyaga pedeli: iko juu, ngumu, safi. Anazunguka magurudumu yote manne, hakuna panapovuja. Anapiga simu: bosi, breki nzima. Kuanzia dakika hiyo mtuhumiwa ni dereva. Alikimbiza gari, alisinzia, alikuwa amekunywa.

Nataka kumtetea dereva huyo, kwa sababu mara nyingi anasema kweli tupu. Breki zilikataa, kisha zikarudi zenyewe. Na fundi asiyejua zilirudije hawezi kuzitengeneza zisikatae tena. Ataishia kumuuzia tajiri diski mpya za bei kubwa, na safari ijayo pedeli itazama palepale.

Breki hazifanyi muujiza wowote. Kazi yake ni kugeuza mwendo wa gari kuwa joto, na kulitupa joto hilo hewani. Zikishindwa kulitupa kwa kasi ile linavyozalishwa, linarundikana. Basi chukua barabara ya kutoka Lushoto kushuka Mombo kupitia Soni, kule Usambara mkoani Tanga. Ni kilomita 30 na kitu, kona juu ya kona, upande mmoja mwamba na upande mwingine bonde. Tofauti ya mwinuko kati ya juu na chini haipungui mita 900. Pikapu inayoshuka na kabichi, karoti na viazi, uzito wote pamoja na gari tani 2.7, inatua Mombo ikiwa imeachia nishati ya kutosha kuchemsha maji ya baridi lita 70. Kiasi fulani kinamezwa na upepo na tairi. Injini nayo inameza kikubwa, ikiwa dereva ameshuka na gia ya pili au ya tatu. Kilichobaki chote kinaingia kwenye diski mbili za mbele na dramu mbili za nyuma, vyuma ambavyo ukivikusanya unaweza kuvibeba kwenye toroli.

Dereva anayeshuka na frii ili aokoe mafuta anaziachia breki peke yake joto lote hilo. Na yule anayezima injini kabisa amejiongezea balaa la pili. Pedeli ya breki inasaidiwa na busta, na busta inaishi kwa mvuto wa hewa unaotengenezwa injini ikiwa inazunguka. Ukizima injini, akiba iliyobaki inatosha kukanyaga mara mbili tatu, halafu pedeli inakuwa jiwe. Kwenye Hilux za dizeli za zamani, zile za injini ya 2L, 3L na 5L, pampu ya mvuto huo imefungwa nyuma ya altaneta. Kwa hiyo ukifungiwa altaneta ya mtumba yenye pampu iliyochoka, betri itajaa vizuri tu, taa zitawaka, na hakuna atakayehusisha altaneta mpya na breki zilizoanza kuwa nzito wiki hiyohiyo. Nawaomba mafundi wa umeme walishike hilo.

Sasa turudi kwa yule dereva anayeitwa mwongo. Breki zikipata moto kupita kiasi zinakataa kwa njia mbili, na mguu wa dereva unaweza kuzitofautisha. Njia ya kwanza, pedeli inabaki juu na ngumu, unakanyaga kwa nguvu zako zote, lakini gari halipungui mwendo. Hapo pedi au lainingi zimechemka kuliko uwezo wake, msuguano umepotea, na mara nyingi utasikia harufu kali ya kuungua kabla mambo hayajaharibika kabisa. Njia ya pili ndiyo ile ya pedeli kuzama. Hapo iliyochemka ni oili ya breki yenyewe, ndani ya kalipa au ndani ya silinda ya gurudumu. Oili ikiwa majimaji haibonyezeki, ndiyo maana mguu wako unafika kwenye gurudumu. Ikichemka inatoa mvuke, na mvuke unabonyezeka. Unakanyaga mvuke. Gari likisimama saa moja mbili, mvuke unapoa, unarudi kuwa majimaji, na pedeli inarudi juu. Fundi anakuta breki nzima.

Kwa nini oili ichemke? Oili tunayotumia kwenye pikapu nyingi, iwe DOT 3 au DOT 4, ina tabia ya kunyonya unyevu. Hupitia kwenye mipira ya breki, kwenye kifuniko cha kopo, polepole, mwaka hadi mwaka, na unyevu wa Pwani unaiharakisha. DOT 3 mpya kutoka kwenye chupa haitakiwi kuchemka chini ya nyuzijoto 205. Ikishanyonya maji kufikia asilimia 3.7, kiwango kinachoruhusiwa kinashuka hadi 140. DOT 4 mpya ni 230, ikishanyonya ni 155. DOT 5.1 ni 260, ikishanyonya ni 180. Kalipa ya mbele ya pikapu iliyopakia, ikishuka mlima mrefu, inaweza kuzifikia nyuzi 140 bila dereva kufanya uhuni wowote.

Kwa hiyo, mwenye pikapu anayetaka kuimarisha breki, uimarishaji wa kwanza kabisa ni chupa chache za DOT 4 zilizofungwa kiwandani na kazi ya saa moja. Toa oili yote ya zamani gurudumu kwa gurudumu mpaka itoke safi, toa upepo, funga. Usikubali fundi aongeze juu ya ile nyeusi. Usikubali chupa iliyobaki nusu tangu msimu uliopita, kwa sababu nayo imeshakunywa hewa. Rudia kila baada ya miaka miwili, na kama gari lako kazi yake ni milima, kila mwaka. DOT 5 iache. Hiyo ni ya silikoni, ni kitu kingine kabisa, haichanganywi na hizi, japo namba yake inafanana na 5.1.

Na hapa niseme neno kwa ukali. Bado wapo wanaojaziliza breki kwa oili ya injini au ya hadroliki pale oili yenyewe inapokosekana. Mipira ya ndani ya masta silinda ikikutana na oili hizo inavimba na kulegea, na ukishafanya hivyo mara moja, mfumo mzima unatakiwa kubadilishwa mipira. Wapo pia wanaotia maji ya sabuni ili wafike. Maji yanachemka kwa nyuzi 100. Mtu aliyetia maji ya sabuni na kuanza kushuka mlima amebeba watu wasiojua alichowafanyia.

Zipo barabara za miteremko ambazo kila msafiri wa safari ndefu anazijua kwa majina: Kitonga, Sekenke, Iwambi kule Mbeya, na kwa majirani zetu wa Kenya, mteremko wa Nithi katika barabara ya Meru. Tarehe 24 Februari 2024 pale Ngaramtoni, Arusha, lori lilipoteza breki likayagonga magari mengine, na watu 25 wakafa. Lilikuwa lori, si pikapu, na mfumo wa breki za lori ni wa upepo, kwa hiyo ufundi wake ni tofauti. Lakini namna tunavyozungumza baada ya ajali ni moja. Tunasema breki zilifeli, tunazika, tunaendelea. Breki zilifeli vipi? Oili ilikuwa ya mwaka gani? Mzigo ulikuwa kiasi gani? Nani aliona pedi mara ya mwisho? Maswali haya yanapaswa kuulizwa kabla, gari likiwa bado gereji.

Nikija kwenye pikapu zenyewe, ninachokiona kila mahali ni hiki. Mtu ananunua Hilux, Ranger au L200. Kiwandani imepimwa kubeba kama tani moja. Wiki ya kwanza inapelekwa kuongezwa springi, jani moja au mawili kila upande, ili ibebe tani moja na nusu. Inafungwa tairi ndefu zaidi ili ipite kwenye matope. Bodi inanyanyuliwa. Keria inachomelewa. Breki hazikuguswa. Na wenye kirikuu hawana nafuu: vile vigari vya Suzuki Carry vilivyotoka Japani kule kwao vinaruhusiwa kubeba kilo 350, na sisi tunavipakia matofali mpaka tairi zinatanuka.

Kuongeza springi hakuongezi tu mzigo. Kwenye pikapu nyingi kunazipunguza breki za nyuma moja kwa moja, na watu wengi hawalijui hili, hata mafundi wazuri. Lala chini ya Hilux isiyo na ABS, tazama juu ya ekseli ya nyuma, karibu na difu. Kuna kidude cha chuma kimefungwa kwenye chesisi, mabomba ya breki yanaingia na kutoka. Kutoka kwenye kidude hicho kuna mkono mwembamba wa chuma wenye springi, unashuka mpaka umeshikana na ekseli. Nitaiita valvu ya mzigo, kwa sababu kazi yake ni kupima mzigo. Gari likiwa tupu, chesisi iko juu mbali na ekseli, na valvu inabana, inapeleka nyuma mgandamizo kidogo. Lina sababu hilo: nyuma ya pikapu tupu ni nyepesi, na breki za nyuma zikishika sana magurudumu yatajifunga, mkia utahama na kutaka kutangulia mbele. Ukipakia, springi zinabonyea, chesisi inashuka, mkono unasukumwa, valvu inafunguka, na breki za nyuma zinapewa nguvu zake.

Sasa umeongeza majani mawili ya springi. Umepakia tani moja na nusu na chesisi haijashuka, na wewe unafurahi kwamba gari limesimama vizuri. Valvu nayo inaona chesisi iko juu, inaamini gari ni tupu. Inabana. Mzigo wa tani moja na nusu unashuka Soni huku breki za nyuma zikifanya kazi ya gari tupu, na mzigo wote wa kusimamisha umehamia mbele. Diski za mbele zinaiva, kalipa zinaiva, oili inachemka. Pedeli inazama.

Dalili yake iko wazi kwa anayeitafuta. Pedi za mbele zinaisha upesi, kila baada ya miezi michache unanunua nyingine, ilhali ukifungua dramu za nyuma unakuta lainingi nene, za kung'aa, hazijaliwa. Matajiri wengi hulihesabu hilo kuwa neema. Breki za nyuma haziliwi kwa sababu hazifanyi kazi.

Dawa yake haihitaji kuagiza kitu nje. Sehemu unaposhikana mkono na ekseli, panatengenezwa kibati cha kuupandisha kwa kiasi kilekile ambacho chesisi imepanda, kisha valvu inasetiwa kwa kufuata kitabu cha gari, kwa geji ya mgandamizo mbele na nyuma, na uzito unaojulikana juu ya ekseli. Fundi mwenye geji hizo mtafute hata kama yuko mji mwingine. Asifanye ile njia ya mkato ya kuufunga mkono juu kwa waya ili valvu ibaki wazi siku zote. Gari litasimama vizuri likiwa na mzigo. Siku limerudi tupu, mvua imenyesha, lami inateleza, dereva atakanyaga kidogo na mkia utazunguka. Na kama hukuwa na sababu ya kweli ya kuongeza springi, zitoe.

Baada ya oili na valvu, ndipo nakwenda kwenye pedi. Ukiwa dukani, iwe Gerezani pale Kariakoo au Grogan kule Nairobi, boksi lisikushughulishe sana. Boksi linachapwa popote. Toa pedi, igeuze, soma mgongoni na pembeni. Pembeni ya pedi, kwenye mfululizo wa herufi na namba, mara nyingi utakuta herufi mbili pamoja mwishoni: EE, EF, FF, GG. Herufi ya kwanza inaeleza msuguano wa pedi ikiwa ya baridi, ya pili ikiwa ya moto. E ni msuguano kati ya 0.25 na 0.35. F ni 0.35 hadi 0.45. G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa pikapu ya mzigo, mimi siichukui chini ya FF, na pedi ambayo herufi yake ya pili iko chini ya ile ya kwanza inakuambia yenyewe kwamba ikipata moto inalegea. Herufi hizi hazikuhakikishii ubora wote, hazisemi pedi itadumu kiasi gani. Alama nyingine ya kutafuta ni herufi E ndani ya duara ikifuatwa na namba zenye 90R. Hiyo ni kanuni ya 90 ya Umoja wa Mataifa, na inadai pedi ya kubadilishia isitofautiane na ile ya kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15 katika kushika. Alama nayo inaweza kuigizwa, ni kweli, lakini pedi isiyo na maandishi yoyote ni ya kuiacha dukani.

Diski na dramu nazo zinasema ukweli wake, zimechapwa kwenye chuma. Diski ina unene wa mwisho, dramu ina kipenyo cha mwisho. Dramu za Hilux nyingi ni milimita 295 zikiwa mpya, na mwisho wake ni 297. Ni milimita mbili tu. Dramu iliyochongwa kwenye mashine kila ikiliwa imeshapita hapo, imekuwa nyembamba, inapata moto haraka, inatanuka, na inazikimbia lainingi. Ndiyo moja ya tofauti kubwa kati ya dramu na diski: dramu ikipata moto inakua kwa kuzikimbia lainingi, diski ikipata moto inanenepa kuzielekea pedi.

Wazee waliopanda Land Rover za miaka ya 60 na 70 wanakumbuka dramu pande zote nne, na namna zilivyopotea ukishavuka mto, mpaka dereva azikaushe kwa kukanyaga taratibu. Land Rover 110 ilipokuja na diski za mbele mwaka 1983, ilikuwa nafuu kubwa. Mbio za magari zililitambua mapema zaidi. Mwaka 1953, kule Le Mans, Ufaransa, Jaguar C-Type zenye diski za Dunlop zilishinda mbio za saa 24, na sababu mojawapo ni kwamba breki zake zilivumilia joto mzunguko baada ya mzunguko, wakati wenye dramu walilazimika kuanza kupunguza mwendo mapema.

Kwa hiyo namwelewa sana anayetaka kutoa dramu za nyuma aweke diski. Pikapu mpya kadhaa sasa zinatoka kiwandani na diski nne. Lakini kuifanya kazi hiyo kwenye gari lililozaliwa na dramu kunataka akili iliyotulia, na nimeona nyingi zilizoharibiwa kuliko zilizofanikiwa.

La kwanza ni breki ya mkono. Dramu ina breki ya mkono ya asili, nyepesi kutengeneza na yenye nguvu, kwa sababu lainingi moja ikishika inajivuta yenyewe kwenye dramu. Kalipa nyingi za mtumba zinazofungwa nyuma hazina breki ya mkono kabisa. Fundi anakuambia utaegesha na gia. Pikapu imepakia tani, imeegeshwa kwenye mlima mbele ya soko, kina mama wamepanga nyanya chini yake. Kazi isiyo na breki ya mkono haijakamilika, na usiilipie.

La pili ni kiasi cha oili. Kalipa kubwa inataka oili nyingi zaidi kuliko silinda ndogo ya dramu, na masta silinda ileile itakupa pedeli ndefu, inayoshuka sana kabla ya kushika. Ukiweka masta silinda kubwa kupita kiasi, pedeli inakuwa fupi lakini nzito, mguu unachoka. Vinatakiwa kwenda pamoja. Kisha kwenye baadhi ya mifumo ya dramu kuna valvu ndogo inayobakiza mgandamizo kidogo kwenye bomba la nyuma ili silinda zisivute hewa. Ukiiacha hapo na diski, pedi zitabaki zimegusa muda wote, zikiungua polepole ukiwa barabara tambarare, na utashangaa kwa nini mafuta yanakwisha.

La tatu umeshalisikia: mgawanyo wa mbele na nyuma. Diski za nyuma zenye nguvu kuliko zinavyotakiwa ni hatari kuliko dramu dhaifu, hasa gari likiwa tupu kwenye mvua.

Ndiyo maana mtu akiniuliza, namwambia aanze mbele. Diski pana zaidi na kalipa kubwa za toleo zito zaidi la gari hilohilo, zinazokubaliana na fundo lile la gurudumu, zinampa chuma kingi cha kubeba joto pale ambapo kazi kubwa inafanyika. Apime kwanza kama rimu zake zina nafasi, kwa maana diski kubwa haziingii kwenye rimu ndogo. Zile zenye matundu na michirizi, zinazopendeza kwa macho, sizipendekezi kwa gari la mzigo. Matundu ni mahali ufa unapoanzia chuma kikipata moto na kupoa kila siku. Diski nzima yenye njia za hewa katikati inatosha. Mipira ya breki nayo, ikiwa ina nyufa au umri wake ni wa gari lenyewe, ibadilishwe yote kwa pamoja. Mpira uliochoka unavimba ndani ukikanyaga, na wakati mwingine unakataa kuachia, gurudumu linabaki limeshikwa.

Na tairi ndefu, msikilizaji. Ukitoka tairi ya inchi 29 kwenda 33, umezipunguzia breki zako nguvu ya kushika barabarani kwa takriban asilimia 12, kabla hujapakia chochote, kwa sababu gurudumu refu lina mkono mrefu wa kushindana na diski ileile. Anayefunga tairi hizo aweke na bajeti ya breki siku hiyohiyo.

Nina neno pia kwa mafundi, kwa ajili ya mapafu yenu. Lainingi za miaka mingi zilitengenezwa kwa asbesto, na nyingine bado zinauzwa. Marekani ilitangaza kuipiga marufuku asbesto nyeupe mwezi Machi 2024, zikiwemo breki za kubadilishia. Ukifungua dramu usipulize vumbi kwa kompresa, wala usilipulize kwa mdomo. Lowesha kwa maji yenye sabuni, futa kwa kitambaa, tupa kitambaa. Kijana anayejifunza kazi akikaa karibu na wewe anavuta kilekile unachovuta.

Jambo la mwisho ni jaribio, na hili ndilo linaloibiwa kila mara kwa sababu ya haraka. Kazi ikiisha gari lisitoke gereji moja kwa moja kwenda kupakia. Pedi mpya hazishiki vizuri mpaka zizoeane na diski. Dereva apewe barabara tulivu, aende kilomita 60 kwa saa, apunguze kwa breki hadi 20 bila kusimama kabisa, aondoke tena, arudie kama mara kumi, kisha aendeshe bila kugusa breki mpaka zipoe. Baada ya hapo ajaribu gari likiwa tupu, akanyage kwa nguvu, aone kama mkia unahama. Kisha apakie nusu mzigo ajaribu tena, halafu mzigo mzima, mahali pa tambarare, kabla ya kuuona mlima. Breki ya mkono aijaribie kwenye mwinuko, mzigo ukiwa juu, mtu mwingine akiwa na jiwe tayari nyuma ya gurudumu. Fundi awe ndani ya gari wakati wote huo, na akirudi gereji anyanyue magurudumu na kuangalia kila nati na kila kiungo cha bomba.

Hayo yote yanachukua nusu siku. Tajiri, nusu siku hiyo mpe dereva wako, na hesabu ya siku hiyo usimdai.